Kaseti Haisomi? Kufufua Gemu ya Kaseti ya Zamani, Kuanzia Soketi ya Ukutani Mpaka Kwenye TV

Kila likizo ya shule ikifika maswali yanarudi yaleyale. Taa inawaka lakini TV nyeusi. Picha imekuja, haina rangi. Nimepuliza kaseti mpaka nimeshikwa na kizunguzungu, haisomi. Mwongozo huu ni wako wewe wa Kigoma uliyefukua mashine ya gemu chini ya kitanda, au uliyeiokota mtumba pale Mwanga, na unataka iwake leo.

Mashine nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima. Tatizo huwa kaseti chafu, adapta isiyo yake, au TV iliyowekwa kwenye mpangilio usio wake. Kwa hiyo hapa bisibisi inakuja mwishoni kabisa. Anayeanza kwa kufungua huongeza tatizo la pili kabla hajalijua la kwanza. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke.

Kwanza, jua ulichonacho

Zilizojaa huku kwetu ni nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Nakala hizi huvaa sura yoyote. Ipo iliyotengenezwa ifanane na PlayStation, mpaka kifuniko cha CD inacho, lakini ukikifungua unakutana na mdomo wa kaseti. Usidanganywe na boksi. Geuza kaseti uhesabu pini, yale mabati membamba yanayong'aa kwenye ukingo:

- Pini 60 (30 kila upande): Famicom na nakala zake.
- Pini 72 (36 kila upande): NES, yaani Famicom ya soko la Marekani na Ulaya.
- Pini 64 (32 kila upande): Sega Mega Drive.

Kaseti ya pini 60 haiingii kwenye mashine ya pini 72 bila kibadilishi katikati. Ikigoma kuingia, usiisukume kwa nguvu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mita ya kupimia umeme, ya dijitali. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Bila mita utakuwa unapiga ramli.
- Spiriti ya duka la dawa, au bora zaidi aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Mafundi simu wanayo. Mwombe akupunguzie kidogo kwenye chupa.
- Pamba za masikio, nne kwa kila kaseti.
- Kifutio cheupe laini cha penseli. Kile cha kufutia wino kina chembe kama mchanga, kiache.
- Kipande cha kanga kuukuu au fulana ya pamba isiyotoa nyuzi.
- Kadi ya benki iliyokwisha muda wake.
- Mswaki mkavu ambao haujawahi kuguswa na mafuta.
- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Waya za AV.
- Kaseti moja unayojua kwa hakika kuwa ni nzima, na ya mashine ya aina hiyohiyo. Azima kwa mtu. Hii ni muhimu kuliko vyote, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua kama mgonjwa ni kaseti au mashine.

Hatua ya 1: Pima adapta kabla haijagusa mashine

Hapa ndipo mashine nyingi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Geuza mashine usome kibandiko cha chini. Unatafuta mambo matatu: volti ngapi, ni DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) au AC (unaogeuka-geuka, kama wa ukutani), na ule mchoro wa duara lenye kitone katikati unaoonyesha kama chanya iko ndani ya plagi au nje yake.

Nakala za Famicom nyingi hutumia volti 9 DC, ila zile ndogo za siku hizi huweza kutaka 5 au 6. Chanya na hasi hubadilika toka mashine moja hadi nyingine, kwa hiyo usikariri. Famicom halisi inataka volti 10 DC, hasi ikiwa katikati. Mega Drive ya kwanza inataka volti 9 au 10 DC, hasi katikati. Mega Drive ya pili ni volti 10 DC, chanya katikati. Jina moja, mpangilio kinyume.

Sasa chomeka adapta ukutani, mashine ikiwa mbali. Weka mita kwenye DC, alama ya 20. Ncha nyekundu iingize ndani ya tundu la plagi, nyeusi iguse bati la nje. Mita ikisoma 9 bila alama, chanya iko katikati. Ikisoma −9, hasi ndiyo iko katikati. Ikisoma karibu na sifuri, hamishia mita kwenye AC. Ukikuta 9 huko, umeshika adapta ya AC kama zile zilizokuja na NES. Hiyo ni ya NES peke yake. Kwenye nakala ya Famicom au Mega Drive ni sumu.

Usishtuke kama adapta nzito ya zamani iliyoandikwa 9V inasoma 12 au 13. Zile za transfoma zisizo na kidhibiti ndivyo zilivyo zikiwa hazina mzigo. Mashine ikiwaka, volti hushuka. Lakini adapta nyepesi ya kisasa ikiandikwa 9 na kusoma 13, hiyo ni mbovu.

Kuhusu ampia: adapta iwe na zinazotakiwa au zaidi. Mashine huchota kiasi inachohitaji tu, hivyo adapta ya ampia 2 haitaunguza mashine ya miliampia 500. Volti zikizidi ndizo zinazounguza.

Makosa matatu yanayojirudia:

Kwanza, adapta ya king'amuzi au ya ruta. Plagi inaingia vizuri, taa inawaka, mtu anafurahi. Nyingi ya hizo ni volti 12. Ndani ya mashine kuna kidhibiti kinachoshusha volti hadi 5, na kinachozidi chote hugeuka joto. Mashine ikivuta ampia 0.4, kwa volti 9 kidhibiti kinatoa wati 1.6 za joto. Kwa volti 12 zinakuwa 2.8. Mchana wa Oktoba, ndani ya boksi la plastiki lisilo na bati la kupozea, gemu itaganda baada ya nusu saa na siku moja haitawaka tena.

Pili, adapta iliyokuja na mashine kutoka Japani au Marekani. Soma palipoandikwa INPUT. Kama ni 100V au 120V tu, usiichomeke. Umeme wetu ni volti 230. Inayofaa imeandikwa 100-240V au 220-240V.

Tatu, kuchomeka moja kwa moja ukutani wakati umeme unakatika na kurudi. Unaporudi huja na kishindo. Gadi ya TV au ya friji iliyopo nyumbani itumie na hapa, na umeme ukikatika chomoa kabisa.

Kibandiko kimefutika? Ruka hadi Hatua ya 7, kuna namna ya kujua kwa kupima.

Hatua ya 2: Safisha kaseti

Kwanza acha kupuliza. Pumzi ina maji, na maji juu ya mabati yale ni kutu. Ule mtindo wa kupuliza ulionekana kufanya kazi kwa sababu ulichomoa kaseti na kuirudisha. Kule kusuguana ndiko kulikosaidia.

1. Lowesha ncha ya pamba ya masikio kwa spiriti. Iwe na unyevu, isidondoke.
2. Sugua pini kutoka ndani kwenda nje, upande mmoja kisha wa pili. Usisugue kwenda kulia na kushoto, maana unasogeza uchafu kutoka pini hii hadi ile.
3. Pamba itatoka nyeusi au ya kijivu. Badilisha. Rudia mpaka itoke nyeupe.
4. Kama kuna madoa ya kahawia au kijani yasiyotoka, chukua kifutio cheupe na usugue taratibu mara tano au sita, kisha futa vumbi lake kwa mswaki na upitishe spiriti tena. Kaseti iliyokaa miaka karibu na ziwa, Kibirizi au Katonga, mara nyingi itataka kifutio.
5. Acha ikauke dakika 10. Ukitumia spiriti ya asilimia 70, acha dakika 30, kwa kuwa inayobaki ni maji.

Usitumie msasa wala steel wire ya kusugulia masufuria. Dhahabu iliyopakwa juu ya pini ni nyembamba mno. Ukiikwangua, shaba inabaki wazi na itashika kutu kila mwezi. Thina na petroli huyeyusha plastiki. Manukato huacha mafuta. Jeli ya kutakasa mikono huacha utando.

Kama pini ziko ndani sana, kaseti itabidi ifunguliwe. Za Famicom nyingi hushikwa kwa vijino vya plastiki: ingiza kadi ya benki kwenye mfereji wa pembeni, zungusha polepole, utasikia kila kijino kikiachia. Za NES na Mega Drive zina skrubu za kichwa cha duara chenye meno sita, ufunguo wake ni wa milimita 3.8. Usipoupata, chukua ganda la kalamu ya Bic, pasha ncha yake kwenye mshumaa hadi ilainike, ikandamize juu ya skrubu kwa nusu dakika mpaka igande, kisha zungusha. Ganda moja linafungua kaseti mbili tatu, halafu meno yake yanalika.

Hatua ya 3: Safisha mdomo wa mashine

Kaseti safi ukiiingiza kwenye mdomo mchafu umefanya kazi bure.

Mashine ikiwa imechomolewa, pitisha mswaki mkavu mdomoni ukiwa umeiinamisha ili vumbi lidondoke nje. Kisha funika kadi ya benki kwa kitambaa, tabaka moja tu kila upande, lowesha kidogo kwa spiriti, uingize na kutoa mara 10 hadi 15 kwa kunyoosha. Badilisha sehemu ya kitambaa kila mara tano.

Tabaka moja, narudia. Ukikunja kitambaa mara mbili, pini za mdomoni hutanuka na baada ya hapo hata kaseti safi italegea. Njia iliyo bora zaidi ni kutumia kaseti iliyokufa: safisha pini zake, zilowe spiriti kidogo, iingize na kuitoa mara 20. Unene wake ndio hasa unaotakiwa.

Subiri dakika 30 kabla ya kuwasha.

Hatua ya 4: Unganisha na TV

Mashine yenye matundu ya AV, tumia AV. Njano ni picha, nyeupe au nyekundu ni sauti. Nakala nyingi zina tundu moja tu la sauti. Lipeleke kwenye tundu jeupe la TV.

*TV ya kichogo.* Njano kwa njano, kisha bonyeza kitufe cha AV kwenye rimoti. Basi.

*Flati.* Tafuta tundu la njano. Kama halipo, angalia la kijani lenye maandishi VIDEO pembeni yake: hapo waya wa njano huingia kwenye kijani. Kama kuna kitundu kidogo cha mviringo tu kilichoandikwa AV IN, kama cha hedifoni, unahitaji waya mfupi wa kubadilishia. TV ndogo za sola nyingi ziko hivi. Mpangilio wa waya hizi haufanani: ukichomeka njano kwenye njano ukakosa picha na ukasikia mngurumo spikani, hamishia kwenye nyekundu, kisha nyeupe. Haiunguzi kitu. Mojawapo italeta picha.

Flati isiyo na AV kabisa inahitaji kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI, kinachojitegemea kwa umeme wa USB wa volti 5. Angalia mwelekeo kabla hujalipa. Kilichoandikwa HDMI2AV hufanya kinyume, na sura yake ni ileile. Wengi wamerudi nyumbani na hicho.

*Mashine yenye waya wa antena tu.* Waya huu unaingia kwenye tundu la antena la TV yenyewe. Usiuchomeke kwenye king'amuzi. Kinaelewa mawimbi ya dijitali tu, na gemu inatoa analojia. Kwenye flati nenda kwenye kutafuta chaneli na uchague ATV au analojia, usichague DTV.

Washa gemu kwanza, kaseti ikiwa ndani, ndipo uanze kutafuta. TV haiwezi kukamata kitu kisichorushwa. Nyuma ya mashine huwa kuna kiswichi cha chaneli 3 au 4. Kiache kimoja, usikiguse wakati TV inatafuta. Ikipita bila kukamata, geuza kiswichi uanze upya.

Hatua ya 5: Washa kwa mpangilio huu

1. Swichi ya mashine iwe imezimwa.
2. Ingiza kaseti, picha yake ikikuangalia wewe mchezaji (kwa mashine nyingi). Ishuke wima mpaka ikae. Nakala nyingine hukubali kaseti iliyogeuzwa, na hapo pini hazikutani na wenzake. Usijaribu "kuona itakuwaje".
3. Chomeka adapta kwenye mashine, kisha ukutani.
4. Washa TV, weka kwenye AV.
5. Washa mashine.

Ikikataa, zima, chomoa kaseti, irudishe, washa. Fanya hivyo hadi mara tano. Kisha jaribu kaseti ya kuazima. Kaseti ya kuazima ikisoma na yako isisome, rudi Hatua ya 2. Zote zisiposoma, rudi Hatua ya 3 kabla ya kwenda ya 7.

Kamwe usichomoe kaseti mashine ikiwa inawaka. Watoto wanapenda kufanya hivyo ili kubadilisha gemu haraka. Wafundishe mapema.

Hatua ya 6: Pedi

Kitufe kinachogoma: fungua skrubu za nyuma, nyanyua raba. Chini ya raba kuna vidoto vyeusi vya kaboni. Futa vidoto kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa spiriti, na ubao wake kwa pamba ya masikio. Usisugue vidoto kwa nguvu, kaboni itatoka. Kama imeshaisha, paka penseli laini ya 2B au 4B juu ya kidoto kwa wingi. Inakaa wiki kadhaa, kisha unapaka tena. (Mtu akila mgebuka kwa mkono halafu akashika pedi, mafuta yake hushuka mpaka huku chini. Sabuni kwanza.)

Pedi nzima ikikaa kimya, mara tisa kwa kumi waya umekatikia ndani pale unapoingia kwenye pedi. Pima kwa mita, sehemu ya mlio: ncha moja kwenye pini ya plagi, nyingine pale waya wa rangi ile ulipochomelewa. Pedi ya kawaida ya nakala ina waya tano. Usiolia ndio uliokatika. Kata sentimita 5 kutoka mwanzo, chomelea upya rangi kwa rangi. Piga picha kabla hujakata.

Plagi ya pedi ya Mega Drive ina matundu 9, na pedi za nakala nyingi za Famicom pia. Zinaingiliana, lakini waya za ndani hazifanani. Usibadilishane.

Bunduki ya kupigia bata inafanya kazi kwenye TV ya kichogo tu. Inategemea jinsi mwale wa kichogo unavyochora skrini mstari kwa mstari. Flati huchelewesha picha na bunduki haioni kitu. Si mbovu, usiifungue.

Hatua ya 7: Sasa unaweza kufungua

Ndani ya mashine ya gemu umeme ni mdogo, hauui. Ndani ya TV ya kichogo una maelfu ya volti, na hubaki hata baada ya kuchomoa ukutani. TV usiiguse, mpelekee fundi.

Fungua skrubu za chini. Kabla ya lolote tafuta wageni: sisimizi, mende, mayai ya mjusi. Mende hupenda joto la mashine, na kinyesi chake kikishika unyevu hupitisha umeme kati ya miguu ya saketi. Safisha kwa mswaki na spiriti, kausha.

Kisha tafuta kidhibiti volti, kitu cheusi chenye miguu mitatu kilichoandikwa 7805. Mafundi wanakiita regyuleta. Ukitazama maandishi, mguu wa kushoto ni umeme unaoingia, wa kati ni ardhi, wa kulia ni volti 5 zinazotoka. Washa mashine, ncha nyeusi ya mita kwenye mguu wa kati:

- Kushoto hakuna kitu: tatizo ni tundu la adapta, swichi, au dayodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyo katikati. Chezesha plagi, taa ikiwaka na kuzima, tundu limeachia risasi (ile ya kuchomelea). Chomelea upya.
- Kushoto 7 au zaidi, kulia 0: zima uguse 7805. Kama ni ya moto sana, kuna shoti mbele yake. Kama ni baridi, imekufa. Badilisha, inapatikana kwa fundi redio yeyote.
- Kulia 4.8 hadi 5.2: umeme uko sawa, mashine inalishwa. Rudi kwenye mdomo wa kaseti uangalie kama miguu yake imeachia risasi upande wa chini wa ubao.
- Kushoto chini ya 7: adapta ni dhaifu. 7805 inahitaji angalau volti 2 juu ya zile 5.

Kwa aliyefutikiwa kibandiko: ukiona 7805, volti 9 DC zitafaa. Kujua hasi iko wapi, adapta ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye mguu wa kati wa 7805 na nyingine kwenye tundu la adapta. Ikilia kwenye kisindano cha katikati, mashine inataka hasi katikati. Ikilia kwenye bati la pembeni, inataka chanya katikati. Isipolia popote na ukaona dayodi nne zimejipanga karibu na tundu, mashine inapokea vyovyote vile.

Kapasita (vile vikopo vidogo vya mviringo juu ya ubao) zilizovimba kichwa zibadilishwe kwa zenye maikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. Mstari ulioandikwa alama ya kutoa ni upande wa hasi.

Wanaotumia sola

Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hufika zaidi ya 14. Usiunganishe mashine moja kwa moja. Chukua 7809, ambayo ni ndugu wa 7805 lakini inatoa 9, miguu ileile. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.33 kati ya mguu wa kuingia na ardhi, na ya 0.1 kati ya kutoka na ardhi. Ifunge kwenye kipande cha bati la alumini, kwa sababu itatoa wati 2 za joto. Tia fyuzi ya ampia 1 upande wa betri. Inveta ndogo nayo hufanya kazi, ila zile za bei rahisi huleta mistari inayotembea kwenye picha.

Dalili na dawa yake

*Skrini ya rangi moja tu, kijivu au bluu.* Mashine iko hai, haioni kaseti. Hatua ya 2 na 3.

*Taa ya NES inawaka na kuzima kila sekunde.* Ndani ya NES kuna kidude kinachosalimiana na kaseti. Kisipojibiwa huiwasha upya mashine. Karibu kila mara ni pini chafu.

*Gemu inaenda na muziki unasikika, ila picha zimevurugika kama vigae.* Kwenye Famicom programu na picha hupita kwenye pini tofauti. Za programu zimeshika, za picha hazijashika. Safisha tena.

*Picha nzuri, haina rangi.* NTSC na PAL ni mifumo ya rangi ya TV. Mashine ni NTSC, TV imekaa kwenye PAL, au kinyume chake. Ingia kwenye mipangilio ya rangi, toa AUTO, jaribu NTSC 3.58 kisha PAL.

*Picha iko, sauti ni mvumo tu (waya wa antena).* TV iko kwenye mfumo wa sauti wa BG, na mashine nyingi za Kichina hutoa sauti kwa mfumo wa DK. Kwenye mipangilio ya sauti badilisha kuwa DK. Ikigoma, jaribu I, kisha M.

*Chenga nyingi juu ya picha.* Waya wa antena umelegea au ni mrefu mno. Sogeza mashine, rekebisha chaneli kidogokidogo kwa mkono.

*Flati inasema hakuna mawimbi, lakini TV ya jirani ya kichogo inaonyesha.* Flati nyingine hazipokei picha ya mashine hizi za zamani. Jaribu kiboksi cha AV kwenda HDMI, au itafutie mashine kichogo chake.

*Mistari miwili minene inapanda polepole.* Adapta inachuja vibaya. Badilisha adapta kabla hujafungua mashine.

*Inaganda baada ya dakika 20 au 30.* Joto. Pima volti za adapta, toa mashine juu ya zulia.

*Gemu inacheza lakini haihifadhi ulipofikia.* Kaseti zenye kuhifadhi zina betri ya volti 3 ndani, mara nyingi CR2032. Ikipima chini ya 2.5 imekwisha. Nunua yenye masikio ya bati; usichomelee risasi juu ya betri yenyewe, inaweza kupasuka. Ukiitoa, vilivyohifadhiwa vinafutika.

*Kaseti imeandikwa gemu 9999 lakini zinarudia zilezile.* Iko sawa. Ndivyo ilivyotengenezwa: gemu chache, majina mengi.

*Kaseti imesafishwa, haisomi kwenye mashine yoyote.* Ifungue. Ukikuta saketi zenye miguu inayoonekana, pitisha risasi upya kwenye miguu iliyoachia na ujaribu tena. Ukikuta tone jeusi la gundi ngumu katikati ya ubao, saketi iko chini ya tone hilo na haitengenezeki. Ganda lake lihifadhi, na ule ubao wenye pini ndio ule wa kusafishia mdomo kwenye Hatua ya 3.